Tafsiri: Neno Moja, Maana Nyingi. Mfano wa Neno "Gum"

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
(a) kutofautisha polisemia na homonimia;
(b) kueleza maana mbalimbali za neno la Kiingereza *gum* na visawe vyake katika Kiswahili;
(c) kutumia muktadha kuteua kisawe sahihi unapotafsiri.

1. Utangulizi

Soma sentensi hii ambayo huandikwa kwenye karatasi za maelezo ya dawa za watoto wanaoota meno: *Apply gently to the gums.* Mwanafunzi mmoja anaandika: "Paka taratibu kwenye gundi." Mwingine anaandika: "Paka taratibu kwenye fizi." Wote wawili wamefungua kamusi. Wa kwanza alichukua kisawe cha kwanza alichokutana nacho akafunga kamusi. Wa pili alijiuliza kwanza: hapa panazungumziwa nini?

Katika mtihani, kosa la yule wa kwanza litamgharimu alama. Nje ya chumba cha mtihani, mama mwenye mtoto anayelia usiku atasoma karatasi ile na asijue dawa aipake wapi. Mfasiri huandika kwa ajili ya mtu atakayetenda kwa kufuata maneno yake. Kwa hiyo kuteua kisawe ni jambo la kufanya kwa makini.

Neno *gum* ni dogo, lina herufi tatu tu, lakini linafaa sana kwa mazoezi kwa sababu Kiswahili hakina neno moja linaloweza kulibeba lote. Kila maana ina neno lake.

2. Polisemia au homonimia?

Kabla ya kuendelea, kumbuka tofauti ya dhana hizi mbili.

*Polisemia* ni hali ya neno moja kuwa na maana zaidi ya moja zinazohusiana. Chukua neno "mpira". Mpira ni mti, ni malighafi itokanayo na utomvu wa mti huo, ni kitu cha duara kinachochezwa, ni mchezo wenyewe, na pia ni bomba laini la kumwagilia bustani. Maana hizi zote zina uhusiano: chanzo chake ni malighafi ile ile.

*Homonimia* ni hali ya maneno mawili au zaidi tofauti kufanana kwa umbo bila kuwa na uhusiano wa maana. Mfano ni "kaa" la moto, "kaa" wa baharini na kitenzi "kaa" chenye maana ya kuketi. Kamusi huyaandika kama vidahizo tofauti na kuyapa namba, yaani kaa¹, kaa² na kaa³.

Neno *gum* lina hali zote mbili kwa wakati mmoja. Kwanza, kuna *gum* ya kinywani, yaani ufizi. Hili limetokana na neno la Kiingereza cha kale *gōma*, lililohusu kaakaa na sehemu za ndani ya kinywa. Pili, kuna *gum* inayonata. Hili lilifika katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, nacho kililipata kutoka Kilatini *gummi*, Kilatini kutoka Kigiriki *kommi*, na Wagiriki walilichukua kutoka Misri ya kale. Maneno haya mawili yalitoka njia mbili tofauti yakakutana katika umbo moja. Hiyo ni homonimia.

Lakini ukiichukua *gum* ya pili peke yake, utaona imezaa maana nyingi zinazohusiana, na zote zinaanzia kwenye kitu kinachotoka mtini na kunata. Hiyo ni polisemia. Mwanafunzi anayeeleza hivi katika jibu lake huonesha kwamba ameelewa dhana zote mbili na hakukariri fasili tu.

3. Maana za "gum" na visawe vyake

*(a) Ufizi.* Ni nyama inayoshikilia meno. Umoja ni ufizi, wingi ni fizi. *Gum disease* ni ugonjwa wa fizi. Angalia upatanisho wa kisarufi: ufizi umevimba, fizi zimevimba.

*(b) Gundi.* Ni kitu cha kugandishia karatasi, bahasha au stempu. Likitumika kama kitenzi, *to gum* ni kugandisha au kupaka gundi.

*(c) Utomvu na ulimbo.* Utomvu ni majimaji mazito yatokayo kwenye mti au tunda ukilikata, kama vile papai bichi au mgomba. Ulimbo ni utomvu mzito unaonata, unaotumiwa kunasia ndege. Ikiwa matini inaeleza *gum* inavyotoka kwenye gome la mti, "utomvu" linafaa zaidi kuliko "gundi".

*(d) Gundi ya mgunga.* Kiingereza huiita *gum arabic*. Hutokana na aina za migunga zinazomea katika ukanda mkavu wa Afrika, na Sudani ndiyo mzalishaji mkubwa. Jina hilo la Kiingereza linahusu Waarabu kwa sababu bidhaa hii ilifika Ulaya kupitia wafanyabiashara na bandari zao. Asili ya mti wenyewe ni Afrika. Bidhaa hii huliwa: hutiwa katika soda ili mafuta yenye ladha yasijitenge na maji, na katika peremende. Ukiandika "gundi ya Kiarabu hutiwa katika soda" bila maelezo, msomaji atadhani kiwanda kinachanganya soda na gundi ya bahasha. Andika "gundi ya mgunga inayolika", naye ataelewa.

*(e) Sandarusi.* Kiingereza huiita *gum copal*. Kisawe hiki kina historia yake hapa kwetu. Sandarusi hutoka kwenye mti uitwao msandarusi, na iliyothaminiwa zaidi ni ile iliyokaa ardhini muda mrefu ikachimbwa katika pwani ya bara inayoelekeana na Zanzibar. Katika karne ya 19, hasa baada ya mkataba wa biashara wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliinunua Zanzibar kwa wingi ili itengenezewe vanishi ya samani. Katika matini ya historia, *gum* iliyosafirishwa kutoka Zanzibar kwa ajili ya vanishi ni sandarusi. Ukiandika "gundi" utakuwa umeifuta biashara nzima.

*(f) Ubani na manemane.* Hizi pia Kiingereza huweza kuziita *gum*, hasa katika matini za dini na za biashara ya kale. Ukiona zinafukizwa au zinanukia, usiandike gundi.

*(g) Chingamu.* Mtaani utasikia pia bigijii na bazoka, majina yaliyotokana na bidhaa za kiwandani. Inahusianaje na mti? Kuanzia miaka ya 1870, Thomas Adams wa New York aliuza chingamu iliyotengenezwa kwa *chicle*, utomvu wa mti unaopatikana Meksiko na nchi jirani. Siku hizi chingamu nyingi hutumia malighafi za viwandani, lakini jina limebaki. Katika matini rasmi andika "chingamu". Majina ya mtaani yaweke kwenye mazungumzo ya wahusika tu.

*(h) Mkaratusi.* *Gum tree* kwa kawaida ni mkaratusi, mti wenye asili ya Australia ambao sasa umeenea Afrika Mashariki. Uliitwa hivyo kwa sababu ya utomvu unaochuruzika kwenye gome lake.

*(i) Mpira kama malighafi.* *Gumboots* ni buti za mpira, ambazo wengine huziita gambuti. Hapa *gum* ina maana ya mpira.

Tanbihi ya kisayansi. Katika kemia, *gum* halisi huyeyuka au kuvimba ndani ya maji. Sandarusi haiyeyuki majini. Kwa sababu hiyo wanasayansi huiweka katika kundi jingine, ingawa wafanyabiashara waliendelea kuiita *gum*. Kwa hiyo uwanja wa matini, uwe biashara au sayansi, unaweza kubadili kisawe.

4. Nahau zenye neno "gum"

Nahau hutafsiriwa kwa maana yake yote, si neno kwa neno.

- *To be up a gum tree*: kukwama, kuwa katika hali ngumu. Unaweza kuandika "maji yamemfika shingoni". Ukiandika "yuko juu ya mkaratusi", msomaji atatazama juu kumtafuta.
- *To gum up the works*: kukwamisha shughuli. Wengine hupenda kuandika "kutia mchanga kitumbua". Nahau hiyo ina maana ya kumharibia mtu riziki au jambo lake jema, mara nyingi kwa makusudi. Kama matini inahusu mashine au utaratibu uliokwama tu, "kukwamisha" linatosha.
- *To walk and chew gum at the same time*: kuweza kufanya mambo mawili kwa pamoja. Usitumie "mshika mbili moja humponyoka", kwa sababu methali hiyo inasema kinyume chake.

Tahadhari: *gumption* (ujasiri na busara ya kutenda) na *gumbo* (aina ya mchuzi wa Marekani) hayana undugu na *gum*, ingawa yanaanza kwa herufi zile zile.

5. Hatua za kuteua kisawe

1. *Tambua aina ya neno.* Je, ni nomino au kitenzi?
2. *Tazama maneno jirani.* Meno, damu na mswaki huelekeza kwenye fizi. Bahasha na stempu huelekeza kwenye gundi. Gome na matawi huelekeza kwenye utomvu au mkaratusi.
3. *Tambua uwanja wa matini.* Je, ni tiba, historia, kemia, chakula au ufundi?
4. *Chunguza kama ni nahau.*
5. *Soma tafsiri bila kutazama matini chanzi.* Je, mtu asiyejua Kiingereza angeelewa na kutenda ipasavyo?

6. Mfano uliofanyiwa kazi

Matini chanzi: *The dentist told her to stop chewing gum because her gums were bleeding.*

Neno limetokea mara mbili. La kwanza liko karibu na *chewing*, kwa hiyo ni chingamu. La pili liko katika wingi na linafuatwa na *bleeding*, kwa hiyo ni fizi. Kiswahili pia hakina viwakilishi vya kutofautisha mwanamke na mwanamume, kwa hiyo *her* linabebwa na kiambishi "m-" na kivumishi "zake".

Matini lengwa: "Daktari wa meno alimwambia aache kutafuna chingamu kwa sababu fizi zake zilikuwa zinatoka damu."

7. Maswali ya marudio

Tafsiri sentensi zifuatazo kwa Kiswahili, kisha eleza kwa kila sentensi ni neno gani jirani lililokuongoza.

1. *They planted gum trees along the road.*
2. *This envelope is not gummed.*
3. *The missing signature gummed up the whole process.*
4. *The toothless old man gummed his bread.*
5. *Zanzibar exported gum copal to Salem.*
6. "Neno *gum* ni homonimu na pia lina polisemia." Thibitisha kauli hii kwa mifano.

Majibu elekezi

1. Walipanda mikaratusi kando ya barabara. (Kilichopandwa ni miti.)
2. Bahasha hii haina gundi. (Bahasha.)
3. Kukosekana kwa sahihi kulikwamisha mchakato wote. (Nahau.)
4. Mzee kibogoyo aliumung'unya mkate wake. Kitenzi "mung'unya" tayari kina maana ya kula bila kutumia meno, hivyo si lazima kuongeza "kwa fizi". Mwanafunzi aliyeandika "aliupaka mkate gundi" arudie hatua ya 2.
5. Zanzibar iliuza sandarusi Salem. (Zanzibar na *copal*.)
6. Onesha kwanza asili mbili tofauti, ya ufizi na ya kitu kinachonata (homonimia). Kisha onesha maana zilizozaliwa na ile ya pili: gundi, utomvu, sandarusi, chingamu, mkaratusi (polisemia). Malizia kwa kueleza uhusiano unaoziunganisha, yaani kunata na kutoka mtini. Jibu lisiloeleza uhusiano huo halijakamilika.