USO UKIENDA UPANDE: TUJUE CHANZO KABLA YA KISU

Ndugu msomaji, chukua kioo ujitazame vizuri. Utaona shavu moja limejaa kidogo kuliko jingine, au jicho moja liko juu kidogo. Usishtuke. Hakuna mtu mwenye uso ulio sawasawa kabisa pande zote mbili. Huo si ugonjwa.

Lakini wapo watu ambao uso wao hubadilika. Shavu linavimba, kidevu kinahama, mdomo unapinda. Hapo ndipo maneno huanza: "Karogwa huyo!" Mbuzi anauzwa, gunia la mbaazi linauzwa, chale zinachanjwa. Fedha zinakwisha na uso bado umepinda. Ndugu zangu wa Bagara, uso uliopinda una chanzo, na chanzo hicho hupimwa hospitali.

Daktari anapimaje?

Kwanza anauliza. Ulianza lini? Ghafla au pole pole? Unauma? Uliwahi kuanguka? Kama una picha yako ya zamani, nenda nayo. Itamsaidia kuona tofauti.

Pili anatazama na kupapasa. Atakuambia ufumbe macho, utabasamu, ufungue mdomo. Pengine atakupa kijiti bapa ukiume kwa meno. Kijiti kikiinama upande mmoja, daktari anajua kwamba taya halilingani.

Tatu ni picha ya eksirei, ili mfupa uonekane.

Nne, kama kuna uvimbe, anakata kipande kidogo cha nyama kipimwe maabara. Wengine wanakataa. Wanasema ati uvimbe ukiguswa na chuma unakasirika. Tusikubali maneno hayo. Bila kipimo hicho daktari anafanya kazi gizani.

Vyanzo ni vingi. Tutazame vitano.

1. Mdomo umepinda ghafla, jicho halifumbi. Hapa shida kwa kawaida ni mishipa ya fahamu, siyo mfupa. Ugonjwa wa namna hii kwa kawaida hutibiwa kwa dawa, na dawa hufaa zaidi zikianza ndani ya siku 3. Lakini kama mkono au mguu pia umelegea, au maneno hayatoki sawasawa, huenda ni kiharusi. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

2. Shavu limevimba, lina moto na linauma. Mara nyingi ni jino bovu lililotunga usaha. Uvimbe ukishuka chini ya kidevu, na mgonjwa akashindwa kumeza au kupumua, msingoje asubuhi. Usaha huo unaua.

3. Mtoto alianguka akagonga kidevu. Kiungo cha taya kiko mbele ya sikio. Kikivunjika na kuachwa, kinaweza kuganda. Mdomo haufunguki vizuri, taya la upande huo halikui, na kidevu kinahamia upande ulioumia. Daktari hupasua na kukifungua kiungo. Baadaye mtoto lazima afanye mazoezi ya kufungua mdomo kila siku kwa miezi mingi. Akiacha, kiungo kinaganda tena.

4. Taya la mtoto linavimba upesi, siku kwa siku. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago huko Kampala, daktari Denis Burkitt alimwona mtoto mwenye uvimbe katika mataya yote. Akaona watoto wengine wa namna hiyo, na mwaka 1958 akaandika habari za ugonjwa huo. Ni saratani. Burkitt mwenyewe alikuwa daktari wa upasuaji, lakini baadaye ilionekana kwamba kinachoyeyusha uvimbe huo ni dawa za saratani, siyo kisu. Mtoto akiwahishwa, anaweza kupona kabisa.

5. Taya la mtu mzima au kijana linavimba pole pole, bila maumivu. Uvimbe mmoja wa namna hii huitwa amiloblastoma. Unatokana na chembe zinazotengeneza meno. Kati ya uvimbe wa jamii hiyo, huu ndio unaoonekana zaidi Tanzania. Kwa kuwa hauumi, watu wanauacha miaka mingi. Kumbe ndani unakula mfupa. Meno yanalegea, uso unakwenda upande, na kula kunakuwa taabu.

Uvimbe huu hauondoki kwa vidonge vya kununua dukani. Unahitaji kisu. Mgonjwa analazwa kwa nusu kaputi, asisikie maumivu. Daktari anaondoa uvimbe pamoja na sehemu ya mfupa ulio jirani, maana mabaki yakibaki uvimbe hurudi. Pengo linashikizwa kwa bamba la chuma. Pengine mfupa huchukuliwa nyongani kwa mgonjwa mwenyewe ukapandikizwa tayani.

Sasa fikiri, msomaji. Anayekwenda mapema hupoteza kipande kidogo cha mfupa. Anayengoja huenda akapoteza nusu ya taya. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Twende wapi?

Anza hospitali ya mkoa hapa Babati. Muulizie daktari wa kinywa na meno. Ikihitajika, atakuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, kama KCMC ya Moshi au Muhimbili, Dar es Salaam. Ukikosa fedha usirudi nyumbani kimya kimya. Mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali umweleze hali yako. Na baada ya kupasuliwa, rudi kila tarehe uliyopangiwa, hata kama unajiona umepona.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini uvimbe usiouma unaweza kuwa wa hatari?
2. Ni wakati gani uso uliopinda hauhitaji kisu?
3. Jirani akisema mtoto wake karogwa taya, utamshauri nini?