Mdomo Nao Husoma

Nimeshika kalamu nikueleze jambo ambalo halimo kwenye ratiba ya masomo ingawa linastahili kuwamo, nalo ni kuzungumza. Usidhani nasifu porojo, la hasha! Nasemea ile hali ya kulitoa tatizo kichwani, kulisema kwa sauti mbele ya mtu anayesikiliza, na papo hapo kuona njia ambayo hukuiona ulipokuwa umenyamaza kama maji mtungini.

Nyumbani jambo hili ni la kila siku. Ufunguo ukipotea, mama hajui uliko. Yeye huuliza tu, "Ulipofika kutoka sokoni ulianza na nini? Halafu?" Mtu anaanza kusimulia: niliteka maji, nikafungua stoo... na kabla hajafika mwisho amekumbuka kuwa ufunguo umebaki kwenye mlango wa stoo. Nani amempa jibu? Si mama. Jibu alikuwa nalo mwenyewe, ila lilikuwa limelala.

Mwandishi mmoja wa tamthilia, Mjerumani kwa jina Heinrich von Kleist (1777–1811), aliandika insha kuhusu hali hii yapata mwaka 1805, ingawa ilichapishwa mwaka 1878, mwenyewe akiwa kaburini kitambo. Alieleza kwamba akikwama katika kesi fulani au katika hesabu ya aljebra, humweleza dada yake anayeketi nyuma yake akifanya kazi zake. Dada huyo hakusomea sheria wala hisabati. Hata hivyo wazo lililokuwa gizagiza lilikamilika huku kaka mtu akiendelea kusema. Tena dada akionyesha dalili ya kutaka kumkatiza, hapo ndipo akili ya Kleist iliposhika moto zaidi. Kumbe mambo haya si ya leo!

Kwa nini iwe hivyo? Kwa maoni yangu, mtu akifikiri kimya huruka hatua bila kujua. Akili hujiambia, "Aa, hapo naelewa," ikapita. Mdomo hauna ujanja huo. Maneno hutoka moja baada ya jingine kama abiria kwenye foleni ya matatu, na pengo likiwapo linaonekana. Halafu kuna msikilizaji. Kwa kuwa yeye halijui jambo lako, itakubidi uanze mwanzo. Wazee wetu walilielewa hili katika ngano. Mtambaji husema "Paukwa!" lakini hajijibu, sharti hadhira iseme "Pakawa!" ndipo aendelee.

Nyanya yangu hakubahatika kusoma shuleni, lakini ndiye mwalimu wangu wa ziada wa hesabu, tena hanilipishi chochote isipokuwa kumtekea maji. Juzi nilikuwa na swali hili. Mfereji wa kwanza hujaza tangi kwa saa 4, wa pili hulijaza kwa saa 6, na bomba la chini humwaga tangi zima kwa saa 8. Vyote vikifunguliwa pamoja, tangi tupu litajaa kwa muda gani? Nilikuwa nimelitazama kwa robo saa nzima nisijue pa kuanzia. Nyanya alikuwa akichambua maharagwe, nikamsomea.

"Na huyo mwenye tangi," akauliza, "mbona asizibe hiyo ya chini kwanza?"

"Swali linataka zote zifunguliwe, nyanya. Angalia, kila saa mfereji huu unaingiza robo ya tangi, na ule..."

Nikanyamaza ghafla. Kila saa! Nilikuwa nimejisikia nikisema neno lenyewe. Kila saa wa kwanza huingiza 1/4, wa pili 1/6, na la chini hutoa 1/8. Robo ukijumlisha na sudusi kisha ukaondoa thumuni unabaki na 7/24. Basi tangi hujaa kwa saa 24/7, yaani saa 3 na dakika kama 26 hivi. Nyanya akasema bado anaona mwenye tangi ni mjinga, akaendelea na maharagwe yake.

Wataalamu nao wamelichunguza suala hili. Mwaka 1994 huko Marekani, Michelene Chi na wenzake waliwapa wanafunzi wa darasa la nane maandishi kuhusu mzunguko wa damu. Wengine waliambiwa wajieleze kila sentensi baada ya kuisoma. Wengine wakasoma maandishi yayo hayo mara mbili. Waliojieleza walielewa zaidi. Huko Kanada, mwaka 2010, Colin MacLeod na wenzake walionyesha kwamba maneno yaliyosomwa kwa sauti hukumbukwa vyema kuliko yaliyosomwa kimyakimya. Lakini tahadhari! Kueleza si kukariri. Kuna wenzetu wanaotembea uwanjani wakiimba fasiri za Kemia kama kasuku, na ukiwauliza "kwa nini?" wanakutazama tu.

Ushahidi ulionigusa zaidi ni wa mwenzangu mmoja ambaye sitamtaja jina. Huyu alikuwa ameazimia kuacha shule mwisho wa muhula akaendeshe bodaboda ya mjomba wake, ati kichwa chake hakishiki kitu. Ajabu ni kwamba tukirudi nyumbani jioni hutusimulia mechi nzima, dakika kwa dakika, nani alimpa nani pasi. Kichwa kisichoshika kitu? Siku moja nikamwambia atutangazie mechi ya moyo, damu iwe mpira. Akaanza kwa mzaha: mpira unaingia chumba cha juu kulia, unapita vali, chumba cha chini kulia, pasi ndefu hadi mapafuni kuchukua oksijeni, unarudi chumba cha juu kushoto, unashuka chini kushoto, halafu shuti kali kwenda mwilini kote. Nikamkatiza, "Kwa nini shuti liwe kali upande huo?" Akasimama barabarani. "Kwa sababu kulia anapiga hadi mapafuni tu, hapo karibu. Kushoto anapiga hadi vidoleni. Ndiyo maana ukuta wake ni mnene!" Hakuna aliyekuwa amemwambia hayo jioni hiyo. Bado hajaamua kuhusu bodaboda, lakini muhula huu yuko darasani.

Msikilizaji mwema basi ni yupi? Si lazima awe mwerevu, bora asiwe na haraka. Aulize "halafu?" na "kwa nini?", asicheke, na jambo gumu kuliko yote, asitoboe jibu hata kama analijua. Ukikosa mtu kabisa, hata kitu chafaa. Andrew Hunt na David Thomas, katika kitabu chao cha mwaka 1999 kuhusu kuandika programu za kompyuta, walitaja kumweleza bata wa mpira kosa lililo katika programu, mstari kwa mstari, hadi kosa lijitokeze. Mimi binafsi napendelea nyanya. Bata haulizi mambo ya kuziba bomba.

Sasa niwageukie viranja kwa heshima zote. Hapa kwetu, mwalimu asipokuwapo, anayefungua mdomo huandikwa kwenye orodha ya wapiga kelele. Nakubali kelele zipo. Lakini sisi wa kutwa hatuna masomo ya jioni kama wenzetu wa bweni, wengine kwetu taa ni moja na watu ni saba, na pesa za mwalimu wa ziada hazipo. Saa ambayo tuko pamoja ni hiyohiyo tunayoamriwa kunyamaza. Naomba tupewe nusu saa tu, Jumanne na Alhamisi, wawili wawili, kwa sauti ya chini. Anayepiga domo la mpira aandikwe, isipokuwa kama mpira ni damu.

Kwa sasa tuko watano tunaotumia njia moja kurudi nyumbani. Jumatatu ni Hesabu, Jumatano Bayolojia, Ijumaa Kemia. Ukituona kando ya barabara tukibishana juu ya moli, usidhani tumerukwa na akili. Njoo tuandamane, hasa kama hujui lolote kuhusu moli, kwani msikilizaji wa namna hiyo ndiye tunayemkosa siku ya Ijumaa.