Mbwa wa nyumbani anafundishika kwa mchezo, fimbo iweke pembeni

Leo naomba tuache kidogo kuku na mahindi tuongelee mbwa. Najua wapo watakaosema bwana shamba ameishiwa ya kuandika. Lakini karibu kila boma ninalopita lina mbwa, na karibu kila mbwa amri anayoijua ni moja tu: "Toka!" Halafu siku akikamata kuku wa jirani tunashangaa kwa nini hasikii.

Mimi mwenyewe nililipia somo hili. Nina mbwa dume anaitwa Jeki, chotara, mama yake wa kienyeji na baba yake wale mbwa wa Kijerumani wanaotumiwa na polisi. Alipokuwa na miezi kama minane akajifunza kula mayai. Siku moja nikamkuta kwenye kiota, akakimbia. Nikamwita kwa sauti ya upole, "Jeki, njoo." Akaja, mkia unatikisika. Nikamshika nikamchapa fimbo nne za nguvu. Nikajiona nimefundisha.

Wiki kadhaa baadaye mbuzi wa jirani walikuwa wanapita njiani jioni. Jeki akawatokea. Nikaita njoo, njoo, mpaka sauti ikakauka. Aligeuza kichwa mara moja, akaniangalia, akaendelea. Kitoto cha mbuzi kilikufa palepale. Mama mwenye mbuzi akaniambia mbele ya watu, "Bwana shamba, wewe ndiye unayetufundisha kufuga. Huyu ni mbwa wa kufunga au wa kuzika?" Nikalipa mbuzi. Vijana wake walikuwa wameshashika mapanga, na kwa kweli sikuwa na neno la kumtetea Jeki.

Kilichonirudia usiku ule ni lile jicho aliloniangalia nalo. Yule mbwa alinisikia vizuri sana. Ila mimi mwenyewe nilishamfundisha kwamba "njoo" maana yake ni fimbo. Mbwa haunganishi adhabu na kosa la dakika tano zilizopita, anaiunganisha na kitu alichokifanya sasa hivi. Alikuja, akapigwa. Hesabu yake ikaishia hapo.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja mstaafu aliyewahi kufanya kazi na mbwa wa polisi. Nilitegemea atanionyesha namna ya kumbana mbwa. Yeye akaomba mguu wa suruali kuukuu ya jinzi na kamba ya katani ya mita mbili. Akafunga kitambaa mwishoni mwa kamba, akakiburuta chini kwa kukatakata, kinakimbia, kinasimama, kinakimbia tena. Jeki masikio juu. Kitambaa kilipotaka "kutoroka" nyuma ya ndoo, akaruka akakidaka. Mzee akamvuta kidogo, akamwachia, akasema, "Sasa huyu ana mshahara. Ulikuwa unamfanyisha kazi bila kumlipa."

Hapo ndipo penye siri yote. Mbwa anazaliwa na mori wa kukimbiza kinachokimbia, kudaka na kuvuta. Mori huohuo ndio unaoua mbuzi, na ndio utakaomfanya awe hodari akifundishwa. Huwezi kuutoa kwa fimbo. Unachoweza ni kumwonyesha kwamba kitu kitamu kuliko vyote cha kukimbiza kiko mfukoni mwako, na mlango wa kukipata ni kukusikiliza.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Tafuta kitambaa kigumu cha jinzi au gunia lililosokotwa, urefu wa dhiraa moja hivi. Mpira nao unafaa, ila usiwe mdogo kiasi cha kupita kooni, mbwa wamekufa kwa kupaliwa. Usitumie jiwe, linavunja meno. Kifaa hiki usikiache uani. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanamtupia mbwa mpira anashinda nao, jioni wanalalamika haupendi. Kitu kinacholala uani siku nzima hakina thamani. Kifungie ndani, kitoke na wewe, kirudi na wewe.

Siku za kwanza usimwamrishe chochote. Buruta kitambaa kimkimbie. Usimsukumie mdomoni, kwani panya gani anamfuata paka? Akikidaka, vuta kwa mkono laini, kushoto na kulia, usiinyanyue shingo yake juu, na mara nyingi mwache ashinde. Mbwa anayeshindwa kila siku anakata tamaa. Mtoto wa mbwa mwenye miezi minne hadi saba anabadilisha meno, kwa hiyo umri huo usimvute kabisa, mwache akimbize tu. Dakika tatu zinatosha, asubuhi na jioni jua likiwa limepoa, na asiwe ametoka kula akashiba. Acha wakati bado anataka. Ukisubiri achoke mwenyewe umechelewa.

Amri ya kwanza kabisa ni "achia". Watu wanapenda kuanza na "kaa" kwa sababu inapendeza mbele ya wageni. Mimi nasema achia kwanza, maana mbwa asiyejua kuachia hajui mchezo ni wa nani. Fanya hivi: mnavutana, ghafla kitambaa kikaze kwenye paja lako kisicheze tena, kife kabisa. Usipige kelele. Subiri. Kitambaa kilichokufa hakina raha, atalegeza mdomo. Sekunde hiyohiyo sema "Ndiyo!" na kitambaa kifufuke, kikimbie, adake tena. Baada ya siku chache anza kutamka "achia" kabla hujakikaza. Kama ni king'ang'anizi, mwekee dagaa puani abadilishane. Jeki ilimchukua siku sita. Siku ya saba alitema kitambaa na kunitazama usoni, kama mtu anayeuliza, haya, sasa? Sikuwahi kuangaliwa hivyo na mbwa.

Neno "Ndiyo!" usilichukulie kirahisi. Ndilo linalomwambia mbwa ni kitendo kipi kimelipiwa, na ukichelewa hata sekunde mbili umelipia kitu kingine. Nenda Morogoro uone wale panya buku wa APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu kwa njia hiyohiyo: panya akipatia, anasikia mlio mdogo wa "kli", kisha anapata chakula. Panya mmoja aliyefundishwa hapa kwetu, Magawa, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la wanyama la PDSA la Uingereza. Kama panya anaelewa mlio wa "kli", mbwa wako atashindwaje?

Baada ya achia, "kaa" inakuja karibu yenyewe. Inua kitambaa juu kidogo ya kichwa chake, akiangalia juu makalio yanashuka. "Ndiyo!" na mchezo unaanza. Ndani ya wiki utakuta ukitoa kitambaa tu anakaa bila kuambiwa. Hapo sasa mwongezee subira: akae, wewe hesabu mbili, kesho tano, keshokutwa upige hatua moja nyuma. Akinyanyuka usimkemee, kitambaa kinarudi mgongoni na mnaanza upya. Mbwa mwenye mori mkali anayejizuia akisubiri neno lako, huyo ndiye mbwa aliyefundishwa. Mbwa aliyelala kwa kuogopa huyo amefungwa tu na kamba usiyoiona.

"Njoo" ndiyo amri ya maisha, na kwangu mimi ilishaoza. Mzee akaniambia niizike nitafute neno jipya. Sasa namwita Jeki kwa "Hapa!" na filimbi ya mdomo. Mfunge kamba ndefu ya mita kumi, ikae inaburuzika. Mwite mara moja, halafu wewe kimbia kumpa mgongo huku kitambaa kinaburuta pembeni yako. Hakuna mbwa asiyefuata kinachokimbia. Akifika, "Ndiyo!", mvutane kwa furaha, kisha mwache aende tena. Hilo la kumwacha aende ni muhimu mno. Ukimwita kila mara ili umfunge, atajua kuitwa ni mwisho wa raha. Mwite mara kumi, mara tisa mcheze na kumwachia. Na hata awe amefanya kosa gani, akija ulipomwita usimpige. Kama hasira imekushinda, usimwite kabisa, mfuate ulipo.

Kamba ile ndefu usiitoe mapema. Mimi niliitoa wiki ya tatu kwa kiburi, nikaanza upya wiki ya nne.

Ukifika hapo ndiyo unaingiza majaribu. Simama mbali na kuku, hatua thelathini hata arobaini, mahali anapowaona lakini bado anaweza kukusikia. Akigeuka kukuangalia hata kwa bahati, "Ndiyo!" na mchezo mkali. Kesho sogea hatua mbili. Akianza kutetemeka na kuganda macho kwa kuku umesogea sana, rudi nyuma. Usikimbilie. Kazi hii kwa Jeki ilichukua karibu miezi mitatu, na hapo tunafanya kila siku.

Huko Ulaya njia hii wameifikisha mbali mpaka kuna mashindano. Wajerumani wana mtihani unaoitwa IGP wenye vipengele vitatu: kunusa njia, utii na ulinzi. Kila kimoja kina alama 100, na kwenye utii bila 70 hujafaulu. Mbwa anatembea ubavuni mwa bwana wake uwanja mzima, anakaa, analala, anasimama, anarudisha kipande cha mti kwa kuruka kizuizi cha mita moja. Ninachokipenda ni mambo mawili. Mwamuzi hatazami kama kazi imefanyika tu, anatazama imefanyikaje. Mbwa anayetembea mkia katikati ya miguu kama mwizi aliyekamatwa anapoteza alama. Halafu mpira hauruhusiwi uwanjani. Mbwa anafanya yote bila kuona mshahara.

Hilo la pili linatuhusu hata sisi tusio na uwanja. Siku mbuzi wanapita njiani hutakuwa na kitambaa mkononi. Kwa hiyo mbwa akishaelewa, anza kukificha: kiko mfukoni, kisha kiko juu ya mti, kisha kiko ndani ya nyumba na mnakikimbilia pamoja baada ya kazi. Lipa safari hii baada ya amri moja, mara nyingine baada ya nne, mara nyingine baada ya mbili. Asiweze kukisia. Ndiyo raha ya mvuvi, hajui ndoano ipi itatoka na samaki, na kesho anaamka alfajiri tena.

Kuna watu wataniambia mbwa wao hachezi. Wengi nawauliza anakula nini. Ukoko wa ugali jioni, basi. Mbwa mwenye njaa, minyoo na viroboto hana mori wa kuchezea jinzi, anahifadhi nguvu aishi. Mpe dagaa, utumbo uliochemshwa, mabaki yenye protini, muulize mtaalamu wa mifugo dawa ya minyoo, kisha mjaribu tena baada ya mwezi. Na wapo wasiopenda kuvuta kwa tabia tu, hasa wa kienyeji. Hao walipe kwa dagaa mmojammoja. Kanuni ni ileile.

Watoto wasivutane na mbwa mpaka mbwa ajue kuachia, na hata hapo mtu mzima awepo. Na usianze mchezo wowote wa meno kabla mbwa hajachanjwa kichaa cha mbwa. Chanjo ni kuanzia miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka. Jino likikukwaruza kwa bahati mbaya na mbwa hana chanjo, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, uende kituo cha afya siku hiyohiyo. Usiweke mafuta ya taa wala majani.

Sasa Jeki. Miezi minne baada ya mkasa ule, mbuzi walewale walipita na geti lilikuwa wazi. Akatoka kama mshale. Nikapiga filimbi mara moja, nikageuka nikakimbia kuelekea nyumbani bila kuangalia nyuma. Nilichosikia ni mguno wa yule mama, kisha vishindo vya miguu nyuma yangu. Jeki alinipita akafika mlangoni kabla yangu, akakaa, anasubiri kitambaa. Nikampa jinzi nzima.

Sidanganyi, mara iliyofuata alisita, akasimama katikati ya njia akinitazama na kuwatazama mbuzi kwa zamu, ndipo akarudi. Ndiyo maana saa za mbuzi kupita namfungia bandani, na geti nimeliwekea komeo. Yule mama bado ananisalimia kwa mbali, lakini juzi amemtuma mwanawe mdogo kuuliza kama ile jinzi lazima iwe ya bluu.