Aniceti Kitereza, Mtunza Habari za Wazee

Katika nchi yetu ya Shinyanga na Geita watu huhamahama sana. Huko Geita dhahabu ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hata mwaka 1966, mgodi ukafungwa. Tena tangu mwaka 2000 mgodi mkubwa wafanya kazi. Palipo na dhahabu wageni huja toka mbali, na wenyeji wengine huondoka. Mzee afapo, mara nyingi huzikwa pamoja na habari zote za ukoo wake. Basi mwezi huu tujifunze maisha ya mtu mmoja wa ziwani, aliyezuia hasara ya namna hiyo kwa kalamu yake.

Mtu huyo ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa kilicho kaskazini ya Mwanza. Alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala. Alisoma katika misheni ya Kagunguli, kisha katika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba. Alikuwa Mkatoliki, wala si wa kanisa letu. Walakini jema la jirani lastahili kusifiwa. Hakuwa padre, bali alirudi kwao, akamwoa Anna, akaitumikia misheni.

Nyumba yao ilipatwa na huzuni kubwa, kwa kuwa watoto wao walikufa wangali wadogo. Nasi twajua jinsi jamaa wanavyomsumbua mume asiye na mtoto, wakimhimiza amwache mkewe au aongeze mwingine. Kitereza hakumwacha Anna, nao wakazeeka pamoja.

Tena aliona ya kuwa desturi na maneno ya Wakerewe yanapotea. Padre mmoja wa Kanada, Almas Simard, alimtia moyo ayaandike. Naye hakuandika orodha ya desturi, bali alitunga hadithi ndefu kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Ni habari za Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, waliokosa mtoto. Ndugu za mume wakamtukana mke, wazazi wake wakamchukua. Lakini Myombekere akamfuata ukweni, akatozwa pombe, akamrudisha. Mwisho walipata mwana, Ntulanalwo, na binti, Bulihwali. Katika hadithi hiyo msomaji huona kilimo, uvuvi, dawa, arusi na maziko ya watu wa kale.

Lakini wasomaji wa Kikerewe walikuwa wachache, kitabu kisipate mpiga chapa. Mwandishi akangoja. Karibu na mwisho wa miaka ya 1960 alimsaidia Gerald Hartwig, Mmarekani aliyekuwa akichunguza historia ya Wakerewe. Naye Kitereza, ingawa mwili wake uliteswa na ugonjwa wa viungo, akakifasiri kitabu chake chote kwa Kiswahili. Kilipigwa chapa mwaka 1980 na Tanzania Publishing House, baada ya miaka 35. Mwenyewe alifariki mwaka 1981, kabla hakijamfikia mkononi. Mwaka 2002 kilitoka kwa Kiingereza, kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika.

Labda mwalimu mmoja atauliza: Je, yafaa Mkristo aandike habari za waganga na matambiko? Nasi twajibu: kuandika jambo si kuliabudu. Kitereza alikuwa Mkristo, walakini hakuwaficha wazee wake wala hakuwapaka rangi. Awezaje mwalimu kuhubiri katika nyumba asiyoijua? Hata mwinjilisti Luka, katika mwanzo wa kitabu chake, aonyesha ya kuwa alichunguza habari kwa uangalifu kutoka kwa walioziona. Na Zaburi ya 78 yawaagiza baba wawaambie watoto matendo ya Mungu.

Basi, kila usharika na uwe na daftari moja. Andikeni waliobatizwa kwanza ni akina nani, ni nani aliyewafundisha, kanisa la kwanza lilijengwa wapi na kwa miti gani, watu walikimbilia wapi wakati wa njaa. Waulizeni wazee wawili au watatu, si mmoja tu. Na wasipopatana, andikeni maneno ya wote. Msisahau akina bibi, kwa maana hao ndio wanaokumbuka vizazi na misiba. Andikeni tarehe na jina la aliyesema. Tena msingoje shukrani: Kitereza hakukishika kitabu chake, bali sisi tunacho.

Maswali ya kujifunza:

1. Kwa nini Kitereza alikifasiri kitabu chake kwa Kiswahili?
2. Maisha yake na Anna yanatufundisha nini juu ya nyumba isiyo na mtoto?
3. Katika usharika wenu, ni mzee gani anayepaswa kuulizwa kabla mwezi huu haujaisha?