SOMO LA AFYA: HOMA YA PAPASI NA NYUMBA ZA KULALA WASAFIRI

Homa ya papasi ni maradhi yanayoenezwa na kupe mwenye ngozi laini aitwaye papasi. Kupe huyu haishi porini, bali hukaa ndani ya nyumba ya binadamu: katika vumbi la sakafu ya udongo, katika nyufa za kuta na chini ya mikeka. Usiku hutoka, humnyonya damu aliyelala kwa muda wa nusu saa hivi, kisha hurudi mafichoni kabla ya alfajiri. Ndiyo maana wengi huumwa naye bila ya kumwona. Somo hili linawahusu watumishi na wananchi waendao Bara kwa kazi, biashara au kuzuru jamaa, na wakalala katika nyumba za udongo.

Historia ya maradhi haya inaambatana na njia kuu ya misafara iliyotoka Zanzibar na Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora, kisha Ujiji, na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Kasongo nchini Kongo. Katika karne ya 19 maelfu ya wapagazi walilala katika kambi na tembe zile zile, kundi moja baada ya jingine. Papasi haruki wala hatembei masafa marefu. Alichukuliwa ndani ya matandiko na mizigo, na kila kituo kikaweza kuambukiza kituo kilichofuata.

Sababu ya homa hii ilithibitishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1904 madaktari Ross na Milne, waliokuwa Uganda, walieleza kuwa kupe ndiye aienezaye. Madaktari Dutton na Todd walifikia hakika hiyo hiyo nchini Kongo, na wote wawili wakaambukizwa wakiwa kazini. Dutton alifariki huko Kasongo tarehe 27 Februari, 1905, akiwa na umri wa miaka 30, na kijidudu cha maradhi haya kikapewa jina lake: Borrelia duttonii. Mwaka huo huo Robert Koch, aliyekuwa akifanya uchunguzi katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, alionyesha kuwa papasi jike huwarithisha watoto wake vijidudu kwa njia ya mayai.

Jambo hilo lina uzito mkubwa. Papasi huweza kuishi miaka kadhaa bila ya kula, na kizazi chake huzaliwa na maradhi. Kwa hiyo nyumba iliyohamwa zamani huweza kumdhuru mgeni wa leo, na mgonjwa aliyepona huweza kuumwa tena akirudi kulala pale pale. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ya miguu ikakoma. Lakini homa haikukoma pamoja nayo, kwa kuwa makao yake yalikuwa sakafu za nyumba.

Dalili huanza kiasi cha wiki moja baada ya kuumwa na papasi: homa kali ya ghafla, kutetemeka, kuumwa na kichwa, maungo na viungo, na pengine kutapika. Baada ya siku chache homa huondoka, na mgonjwa hudhani amepona. Kisha hurejea baada ya wiki moja hivi, na huweza kurudia mara kadhaa. Walio katika hatari kubwa zaidi ni watoto wachanga na mama wajawazito, ambao huweza kuharibikiwa na mimba au kujifungua kabla ya wakati.

Dalili hizi hufanana sana na za malaria. Inafaa ieleweke kuwa kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuonyesha vijidudu vya homa ya papasi. Huonekana kwa kupima damu kwa darubini, hasa wakati homa imepanda.

Wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Kulala juu ya kitanda kilichotengwa na ukuta, ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro. Wasilale juu ya sakafu ya udongo.

(b) Kukung'uta na kuanika juani mikeka na matandiko, na kukagua mizigo kabla ya kuiingiza nyumbani.

(c) Kuziba nyufa za kuta, na kwa mwenye uwezo, kutia saruji sakafuni. Dawa ya kuulia wadudu itumiwe kwa maelekezo ya Bwana Afya.

(d) Kutomminya papasi kwa vidole, kwani majimaji yake huweza kuambukiza.

(e) Mwenye homa aende kituo cha afya mapema, na aeleze alikosafiri na aina ya nyumba aliyolala.

Maradhi haya yanatibika kwa dawa za antibiotiki. Hata hivyo, saa chache baada ya dozi ya kwanza homa na kutetemeka huweza kuzidi kwa ghafla, hivyo mgonjwa abaki chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya. Asinunue dawa na kujitibu mwenyewe. Aidha, nyumba aliyougulia ikaguliwe na kusafishwa kabla hajarudi kulala humo.