Zabuni ya kutibu waliotumwa na mahakama: Tuisome kabla ya kutaja bei



Katika miji yetu ya pwani, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam na Unguja, familia nyingi zinamjua kijana aliyeharibiwa na unga. Alhamdulillah, wapo ndugu waliojitolea kufungua soba hausi, na nyingi kati ya hizo zinaendeshwa kwa ada za wazazi na michango ya wahisani. Baadhi yao wameniuliza: je, serikali haiwezi kutulipa tukawatibu wale wanaofikishwa mahakamani? Swali lina msingi. Nchini Kenya, kwa mfano, sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inaipa mahakama uwezo wa kumpeleka mraibu katika kituo cha marekebisho badala ya kumwacha aozee gerezani.

Lakini kazi hiyo ikitolewa kwa zabuni, mzabuni anaingia katika jambo gani hasa? Leo napenda tujifunze kutoka Marekani, ambako utaratibu huu una miaka mingi, na mazuri yake na mabaya yake yameonekana.

Utaratibu ulivyo

Mwaka 1978 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoipa idara ya utawala ya mahakama za serikali kuu uwezo wa kuingia mikataba ya matibabu ya wahalifu waliozama katika dawa za kulevya. Tangu hapo, ofisi za uangalizi zilizo chini ya mahakama hizo hutangaza zabuni katika wilaya zao. Huduma zinazotakiwa ni kama kuchukua kipimo cha mkojo, ushauri nasaha wa mtu mmoja mmoja, ushauri wa kikundi, na matibabu ya akili.

Mzabuni hataji bei moja ya kazi nzima. Anataja bei ya kila huduma: kipimo kimoja kiasi gani, nusu saa ya ushauri kiasi gani. Ofisi nayo huandika makadirio ya huduma zitakazohitajika kwa mwezi. Bei huzidishwa kwa makadirio hayo, na katika zabuni nyingi za aina hii anayeshinda ni mwenye jumla ndogo kabisa miongoni mwa waliotimiza masharti. Kutimiza masharti ni kuwa na leseni, wataalamu wenye sifa, na jengo linalokubalika likikaguliwa. Ukishavuka hapo, ubora wa ziada haukuongezei alama. Kinachobaki ni bei tu.

Makadirio si ahadi

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Makadirio yaliyomo katika zabuni si ahadi kwamba watu hao watakuja. Analipwa aliyehudumia, kwa idadi aliyohudumia.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme pango na mshahara wa mshauri ni dola 3,000 kwa mwezi, na zabuni inakadiria vipindi 150. Mzabuni atagawanya na kuandika dola 20 kwa kipindi. Mwezi wa kwanza wakaletwa watu wa vipindi 60 tu. Atapokea dola 1,200, na mwenye nyumba anataka kodi yake yote. Akiomba bei ipandishwe, ataonyeshwa sahihi yake mwenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza si "tutapata kiasi gani?", bali ni "wakija nusu tu ya waliotajwa, tutaweza kuendelea?"

Nani analipia bei ndogo?

Katika biashara ya kawaida, muuzaji akiuza kitu kibovu mnunuzi huhamia duka la jirani. Katika zabuni hii mnunuzi ni serikali, na mtumiaji ni mtu mwingine ambaye hana pa kuhamia. Ametumwa kwa amri. Asipohudhuria, kituo kinatakiwa kumwarifu afisa wake mara moja, na anaweza kurudishwa mbele ya jaji na kufungwa.

Basi hebu tujiulize: mzabuni aliyepunguza bei kupita kiasi atafidia wapi? Atajaza watu wengi katika kikundi kimoja, ataajiri mshauri wa bei rahisi, atafupisha maongezi na kusaini saa kamili. Mgonjwa atanyamaza, kwa kuwa anayeandika ripoti yake ya kila mwezi ni huyo huyo anayemdhulumu. Bei ndogo iliyoshinda zabuni imelipwa na mtu asiyeweza hata kulalamika. Sisi tunaojua maana ya amana na uzito wa mizani, tunafahamu kwamba hilo ni deni, hata kama mkaguzi hakuliona.

Aidha, mtoa huduma anakuwa na mabwana wawili. Mgonjwa anamtaka asikilize, na mahakama inamtaka aripoti. Nchini Marekani zipo kanuni maalumu za siri za wagonjwa wa uraibu, na kwa kawaida mgonjwa husaini ridhaa kabla ya habari zake kupelekwa kwa afisa. Kituo cha haki humweleza mgonjwa tangu siku ya kwanza: haya yatabaki kwetu, na haya yatafika mahakamani. Asiyeambiwa hivyo atakuwa amevutiwa aseme, kisha maneno yake yakamfunga.

Suala la dini

Wengi wetu tunaamini, na mimi ni mmojawao, kwamba imani ni tiba kubwa kwa mraibu. Lakini fedha ya umma na amri ya mahakama vikiingia, mambo hubadilika.

Huko Hawaii, mtu mmoja wa dini ya Kibudha aliyekuwa nje ya gereza kwa masharti alilazimishwa kuhudhuria mikutano ya waraibu inayotaja nguvu za Mungu. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ilisema kumlazimisha hivyo ni kuvunja haki yake. Mwaka huo huo mahakama nyingine ya rufaa iliamua kwamba mpango wa Kikristo uliolipiwa na jimbo la Iowa ndani ya gereza ulikiuka katiba, na shirika lililouendesha likatakiwa kurejesha sehemu ya fedha. Lakini mwaka 2003, kituo cha Kikristo cha Milwaukee kilichopokea fedha za serikali kiliruhusiwa kuendelea, kwa sababu waliopelekwa pale walikuwa huru kuchagua kituo kingine.

Tofauti ni hiari. Tusingependa kijana wetu alazimishwe na hakimu kuimba kanisani ili asifungwe. Basi na sisi tukipewa kijana wa Kikristo kwa amri ya mahakama, tusimlazimishe darasa la dini. Aya ya 256 ya Suratul Baqara imeshatufundisha hilo kabla ya katiba yoyote.

Umbali na hakimu

La mwisho ni zito zaidi. Mwaka 2009 ilifichuka katika wilaya ya Luzerne, jimbo la Pennsylvania, kwamba majaji wawili, Mark Ciavarella na Michael Conahan, walipokea zaidi ya dola milioni 2 kutoka kwa watu wenye maslahi katika vituo binafsi vya kuwashikilia watoto. Watoto walipelekwa huko kwa makosa madogo madogo. Mahakama kuu ya jimbo ilifuta hukumu kwa maelfu, na mwaka 2011 Ciavarella alihukumiwa kifungo cha miaka 28. Vile havikuwa vituo vya tiba, lakini funzo ni moja: kitanda kinapolipiwa kwa amri ya hakimu, mwenye kitanda asimkaribie hakimu kwa zawadi, wala kwa chakula, wala kwa urafiki wa ghafla.

Ndugu Waislamu, sisemi tuzikimbie kazi hizi. Tukiziacha, watazichukua wasiojali. Ninachosema ni kwamba kamati ya kituo ikae na karatasi za zabuni, izisome ukurasa kwa ukurasa, na mwenye kujua hesabu awepo. Tutaje bei ambayo kwayo mgonjwa atapata nusu saa yake kamili, hata kama wiki hiyo wamekuja wachache. Bei hiyo ikitushindisha, Alhamdulillah. Isipotushindisha, heri kukosa zabuni kuliko kula haki ya mtu aliyeletwa kwetu akiwa chini ya amri.

Wabillahi tawfiq.