Mtoto Yuko Ng'ambo, Nyumbani Kuna Msiba: Mwambieni Mapema

Tarehe 6 Mei 2017, basi la wanafunzi wa Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Karatu. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walifariki. Watoto watatu walionusurika walipelekwa kutibiwa Sioux City, Marekani, wakiwa na mama zao. Hao walikuwa na mama zao karibu; msiba mzito kiasi hicho ukitokea nyumbani, kila mtoto aliye mbali anahitaji mtu wake wa kumweleza.

Familia nyingi huficha: "Asije akavuruga mitihani." Lakini leo taarifa inaruka kwa WhatsApp. Kijana akiikuta kwenye simu, atalia msiba, na atajiuliza nyumbani wanamficha nini kingine. Mzazi wa hapa kwetu Dindira mwenye mtoto ng'ambo afanye haya:

1. Thibitisha. Vijana wawili Watanzania waliokwenda Israel kwa mafunzo ya kilimo walikumbwa na shambulio la tarehe 7 Oktoba 2023. Wiki nyingi zilipita kabla ya vifo vyao kuthibitishwa. Kama taarifa haijakamilika, mwambie kijana kinachojulikana, na kwamba mengine yanasubiriwa. Usisambaze uvumi, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu taarifa za uongo.

2. Teueni msemaji mmoja. Awe baba, mama, shangazi au mjomba anayeaminiwa na kijana. Wengine wasiweke chochote mtandaoni kwanza.

3. Angalia saa. Saa 2 usiku Dindira ni saa 3 usiku Muscat, lakini Guangzhou ni saa 7 usiku. Mwombe mwalimu, mlezi au Mtanzania mwenzake awe karibu naye wakati wa simu.

4. Sema wazi. Tumia lugha mliyozoea nyumbani, Kisambaa au Kiswahili. Sema "amefariki"; usiseme "hali yake si nzuri", maana humpa tumaini la uongo. Msikilize, hata akinyamaza. Usimtumie picha za miili wala ajali.

5. Mshirikishe. Mpigie wakati wa dua au ibada, na siku ya arobaini, naye aseme neno lake.

6. Fuatilia. Akikosa usingizi, akiacha kula au akijitenga kwa wiki kadhaa, atafutiwe mshauri shuleni kwake. Akitaja kujidhuru, wanaoishi naye wapate msaada siku hiyohiyo.

Ikiwa amechelewa kujua, usijitetee. Sema: "Tulikuficha, tusamehe." Muulize amesikia nini, kisha sahihisha. Kilio chake ni kipya hata kama matanga yameanuliwa, hivyo usimwambie kwamba yamekwisha.

Mawasiliano yakikatika kabisa, wasiliana na ubalozi wa Tanzania katika nchi aliko kijana, au Chama cha Msalaba Mwekundu, ambacho husaidia kutafuta ndugu waliopotezana kwa majanga.

Kabla kijana hajasafiri, kubalianeni naye jambo moja: habari nzito itatoka kwa nani. Aandike namba ya mtu huyo kwenye daftari pia, maana simu hupotea.